Kinanda Kilichonyamaza: Tusiharakishe Kukitupa

Juma hili tunawaletea habari ya chombo kidogo kilichotufunza jambo kubwa.

Mwenzetu mmoja wa hapa Baraka alikuja kikaoni akiwa na hasira. Mkononi alibeba ubao wenye nyaya, vifungo vinane na spika ya radio ya zamani. Binti yake wa miaka 15 alikuwa amekitengeneza kwa majuma matatu, akisema kitakuwa kinanda cha kwaya ya watoto. Jioni aliyokiwasha mbele ya baba yake na majirani, hakikutoa hata mlio mmoja. Pesa ya mawe ya radio na ya risasi ya kulehemu ilitoka kwenye fungu la mama la likelemba. Tena jirani alikwisha kusema kwamba kazi ya nyaya si ya msichana.

"Nikitupe motoni, tumalize maneno?" akatuuliza.

Tukamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Tulimwita binti, tukamwomba na fundi mmoja mzee wa radio akae nasi. Tunaandika tuliyoyaona, maana watoto wengi wa Fizi wanafungua radio mbovu, na sisi wazazi hatujui tuwasaidie vipi.

Kilichomo ndani

Moyo wa kinanda hicho ni chipu ndogo nyeusi yenye miguu minane, inayoitwa 555. Binti aliitoa kwenye mashine iliyokufa. Chipu hiyo ni ya zamani kuliko wengi wetu: ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, na kampuni ya Signetics ikaanza kuiuza mwaka 1972. Mpaka leo bado inatengenezwa.

Kazi yake ni kama ya mtu anayejaza ndoo na kuimwaga bila kuchoka. Ndoo hiyo ni kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme kwa muda mfupi. Kila inapojaa na kumwagika, spika inasukumwa mara moja. Ikisukumwa mara 440 kwa sekunde, tunasikia ile "la" ambayo wanamuziki wanaitumia kulinganisha vyombo. Kila kifungo kinapitisha umeme kwa njia yake, nyembamba au pana, ndiyo sababu sauti zinatofautiana.

Tulivyotafuta

Fundi alitukataza kugusa chipu kwanza. Alisema tufuate njia ya umeme kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta mahali bomba la maji lilipoziba.

Tulianza na mawe ya radio. Chipu hii inataka volti 4.5 au zaidi, lakini isipite 16. Mawe manne mapya yanatoa volti 6. Mawe yaliyochoka yanaweza kuwasha taa ndogo lakini yakashindwa kuamsha kinanda. Ya binti yalikuwa mazima.

Kisha spika. Fundi aliitoa kwenye kinanda, akagusisha nyaya zake kwenye jiwe moja tu kwa kitambo kifupi. Ikalia "tak". Basi spika ilikuwa nzima.

Tatu, tulihesabu miguu ya chipu. Hapa wengi wanakosea. Chipu ina alama, kitundu au pengo, upande mmoja. Ukiweka alama juu, mguu wa kwanza uko juu kushoto. Unahesabu kushuka hadi wa nne, unavuka chini kwenda kulia, unapanda hadi wa nane. Mguu wa kwanza unapokea upande wa kutoa, wa nane upande wa kujumlisha. Ukigeuza, chipu inapata moto na inaweza kufa. Ikiwa moto kwa kidole, toa mawe mara moja. Binti alikuwa amehesabu sawasawa.

Mwisho tulifika mguu wa nne. Huo ndio unaoiambia chipu iimbe au inyamaze. Kwenye kinanda kama hiki unapaswa kuunganishwa na upande wa kujumlisha. Ukigusa upande wa kutoa, chipu inanyamaza kabisa hata kama ni nzima. Fundi aliinamisha ubao kwenye jua. Tone la risasi lilikuwa limemwagika kutoka mguu wa nne hadi kwenye waya wa jirani, waya wa kutoa.

"Haikufa," alisema. "Ilikuwa inaamriwa inyamaze."

Binti mwenyewe alipasha moto chuma cha kulehemu, akaondoa tone lile na kuunganisha mguu upya. Alipobonyeza kifungo cha kwanza, kinanda kikalia. Kifungo cha sita bado hakilingani na vingine, anaendelea nacho.

Si jambo geni kwetu Wakongo

Huko Kinshasa, Mingiedi Mawangu alianzisha kikundi kinachojulikana kama Konono N°1 katika miaka ya 1960. Sauti ya likembe ilikuwa ikimezwa na kelele za mji. Wakajitengenezea maikrofoni kwa kutumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Mwaka 2004 muziki wao ulitolewa Ubelgiji katika albamu Congotronics, na wakaitwa kupiga Ulaya. Walianza na vitu ambavyo wengine walivitupa.

Kwa sisi wazazi

Mtoto akilehemu, afanye nje penye hewa, kwa sababu moshi ule si mzuri. Anawe mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu. Wadogo wakae mbali na chuma cha moto. Majaribio yafanyike kwa mawe ya radio, si kwa betri kubwa ya pano ya jua: nyaya zake zikigusana vibaya, zinaweza kuwaka moto.

Na chombo kikinyamaza, tusianze na matusi wala kutafuta aliyeroga. Tumuulize mtoto: umeme umefika wapi, na umekwama wapi?

Mama yule alirudi nyumbani na kinanda chini ya kitenge. Jioni baba alikuja kusikiliza. Hakusema mengi. Aliuliza tu mawe mapya yanauzwa bei gani.