Dereva Mzee Katika Barabara za Feri

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee anapotimiza miaka 60. Dereva wa umri huo kwa kawaida hana papara ya kuovateki; kinachomponza ni mwili. Mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi tu ya ule unaomfikia kijana wa miaka 20. Akimulikwa fulu usiku, macho huchelewa kurudi. Shingo nayo inagoma kugeuka.

Eneo la Feri, Dar es Salaam, halimsubiri mtu wa namna hiyo. Pantoni ikitia nanga Magogoni, watu, baiskeli, bajaji na magari humwagika kwa mkupuo mmoja, huku mikokoteni ikitoka soko la samaki na mabasi ya mwendokasi yakiingia kituo cha Kivukoni. Mzee anayaona yote, ila anahitaji muda zaidi wa kuamua. Muda huo hupatikana kwa kupunguza mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kisheria kwenye makazi, gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 30, mita 8 na kidogo. Akichelewa sekunde moja kukanyaga breki, tofauti yake ni urefu wa gari zima.

Mtihani mkubwa ni kukata kulia, kwa sababu dereva hupita mbele ya magari yanayomjia. Kwenye mataa ya Faya kuna pia njia za mwendokasi za kuvuka. Taa ya mshale ya kukata kulia peke yake humwondolea kazi ya kukisia. Kipilefti husaidia zaidi: kile cha sanamu ya Askari, iliyosimama hapo tangu 1927, hakikujengwa kwa ajili ya wazee, lakini humlazimu kila mtu kupunguza mwendo na kuangalia kwanza upande mmoja, kulia. Masharti ni kwamba anayeingia ampishe aliyemo, jambo ambalo bodaboda wengi hulichukulia kama ombi.

Mengine ni ya gharama ndogo: kurudishia rangi ya vivuko vya pundamilia inapofutika, vibao vya herufi kubwa vinavyoonekana mapema, taa za barabarani zinazowaka.

Leseni ni suala jingine. Uingereza, dereva akifika miaka 70 huihuisha kila miaka 3. Japani, wa miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu kabla ya kuihuisha. Lakini umri peke yake ni kipimo kibovu. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akarudi barabarani, ilhali dawa ya mafua inayoleta usingizi humfanya hata kijana awe hatari.

Anayeamua kuacha gari anahitaji usafiri mbadala. Vituo vya mwendokasi vimejengwa usawa wa sakafu ya basi, hivyo mzee haparamii ngazi. Jioni, abiria wanapogombea mlango, usawa huo haumsaidii kitu.