Kwenda kuona vitabu vya kale, na hukumu ya vilivyomo majumbani mwetu

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu yetu anayesomesha madrasa Ipililo, mkoani Simiyu, ametuuliza: kuwaleta wanafunzi Unguja kuona miswada ya kale kuna faida ya dini? Na adabu zake ni zipi?

Tunasema: faida ipo, nia ikiwa ni kutafuta ilimu. Nyaraka za Taifa, Kilimani, zimehifadhi miswada mingi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Waonesheni watoto mambo mawili. La kwanza ni neno dogo chini ya ukurasa. Hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata, na kwalo msomaji alijua kurasa zimefuatana. La pili ni khatima, ambapo mara nyingi mwenye kunakili hutaja jina lake na tarehe ya Hijria, na huomba dua. Muombeeni.

Mikono iwe safi na mikavu, kalamu iwe ya risasi, na picha zipigwe kwa ruhusa tu. Anayegusa msahafu awe na udhu, kwa kauli ya jamhuri ya wanavyuoni.

Sasa turudi kwetu visiwani. Mwenzetu anataka kufunga safari kutoka Simiyu kuja kuona, na sisi vitabu vya mababu tunavyo makashani, vinaliwa na mchwa. Tumewahi kuletewa kitabu kilichoandikwa “waqfu” ukurasa wa mwanzo, na aliyekileta anauliza bei!

Kitabu cha waqfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi. Asili yake ni hadithi ya waqfu wa Sayyidna Umar huko Khaybar, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Kisichokuwa waqfu, kikiachwa na marehemu, ni cha warithi wote, si cha aliyebaki na funguo za kasha.

Msizike wala msichome kurasa zilizochakaa kabla hajaziona mjuzi. Na anayechelea kunyang'anywa asiogope. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kwa msaada wa British Library ya London, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu.

Basi wiki hii fungueni kasha pamoja na watoto wenu, msome majina yaliyomo.

Wabillahi tawfiq.