Kiraka wa Grimsby: Mechi 931, hata moja haikuwa ya daraja la juu

MCHEZAJI wa Ligi Kuu ya Uingereza anayetaka kufikisha mechi 931 za ligi atalazimika kusakata gozi kwa misimu 24 na nusu bila kukosa hata mechi moja kati ya 38 za kila msimu. Katika muda huo wote asiumie, asionyeshwe kadi nyekundu, wala asiwekwe benchi na kocha mpya aliyekuja na watu wake.

Tony Ford aliifikia idadi hiyo. Katika historia ya ligi ya kulipwa nchini Uingereza, ni mlindalango Peter Shilton pekee, mwenye mechi 1,005, aliyemzidi. Miongoni mwa wasiovaa glavu, Ford hana mpinzani. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwa mashabiki wanaojazana kwenye kumbi za runinga Nairobi na Mombasa kila Jumamosi wanaolitambua jina lake. Hawastahili lawama. Katika mechi hizo zote 931, hakuna hata moja iliyochezwa katika daraja la juu.

Taaluma yake yafaa kuelezwa kwa kina, kwani ndiyo inayoonyesha vyema jinsi soka ya madaraja ya chini inavyoendeshwa, na ni mtu wa aina gani hudumu ndani yake.

Katika soka ya Kiswahili, hasa upande wa Tanzania, mchezaji anayeweza kupangwa popote huitwa kiraka. Neno lenyewe lina makali pande mbili. Ni sifa, kwa maana kocha aliye na mtu kama huyo hulala usingizi. Lakini kiraka, kama ajuavyo kila fundi cherehani, hushonwa mahali palipotoboka, na nguo mpya haina haja nacho. Mchezaji anayejua kazi tano hupata ajira upesi, ila huwa wa kwanza kuhamishwa pale klabu inapopata fedha za kumnunua bingwa wa kazi moja.

Ford alizaliwa Grimsby mnamo Mei 14, 1959. Huo ni mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Uingereza, uliojengeka kwa uvuvi, na wanasoka wake huitwa Mabaharia. (Uwanja wao, Blundell Park, kwa hakika umo katika mji jirani wa Cleethorpes, hivyo kila mechi ya "nyumbani" huchezwa ugenini.) Aliingia katika kikosi cha kwanza mnamo Oktoba 1975 dhidi ya Walsall, akiwa na umri wa miaka 16. Mwezi uliofuata, Uingereza na Iceland zilianza mvutano wao wa tatu kuhusu haki za kuvua samaki. Ulipokwisha mnamo 1976, Iceland ikiwa imeshinda, meli za Grimsby zilikuwa zimefungiwa maji yaliyoulisha mji huo kwa vizazi. Kijana aliyepata mshahara kwa kucheza mpira katika mji wa aina hiyo hakuwa na sababu ya kuchagua nafasi. Alicheza alikoambiwa.

Alianza kama mshambulizi na winga wa kulia. Grimsby walishushwa hadi daraja la nne mnamo 1977, wakarejea la tatu mnamo 1979, na mwaka uliofuata wakatwaa ubingwa wa daraja hilo na kupanda hadi la pili. Ford, aliyekuwa na miaka 20 tu wakati msimu wa ubingwa ukielekea ukingoni, alikuwemo katika safari yote.

Ili kuelewa thamani ya mchezaji kama huyo wakati ule, ni sharti kukumbuka sheria ya wachezaji wa akiba. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja tu wa akiba kuanzia 1965, na wa pili hakuongezwa hadi 1987. Kocha alikuwa na mtu mmoja benchini, na hakuweza kujua iwapo atakayeumia ni beki, kiungo au fowadi. Ndani ya uwanja hali ilikuwa hiyo hiyo. Beki wa kulia akitoka akichechemea, ilifaa kuwepo winga anayeweza kurudi nyuma kuziba pengo bila timu nzima kuvurugika. Leo makocha wanaruhusiwa kuingiza wachezaji watano, na hitaji hilo limepungua. Lakini halijatoweka, na sababu yake ni fedha.

Uingereza ina klabu 92 katika madaraja yake manne ya juu, na ni 20 tu zinazokula kwenye sinia la Ligi Kuu. Katika madaraja ya tatu na ya nne kila klabu hucheza mechi 46 za ligi, zikiwa nane zaidi ya zile za Ligi Kuu, huku ikitumia kikosi chembamba na akaunti iliyokonda zaidi. Mnamo Agosti 2020 klabu hizo zilipitisha ukomo wa matumizi ya mishahara: pauni milioni 2.5 kwa mwaka kwa kila klabu ya daraja la tatu na pauni milioni 1.5 kwa ya daraja la nne. Chama cha wachezaji kiliupinga, na ukomo huo ukaondolewa Februari 2021. Ila takwimu zenyewe zaeleza hali ilivyo. Nyota mmoja wa Ligi Kuu hulipwa kiasi hicho katika miezi michache. Kwa kocha anayegawa pauni milioni 1.5 kwa wanaume ishirini na ushei, mtu anayefanya kazi ya watatu ni akiba iliyo hai.

Ford aliondoka Grimsby mnamo 1986 baada ya miaka 11. Alipitia Sunderland kwa mkopo mfupi, kisha Stoke City, kabla ya kutua West Bromwich Albion mnamo 1989. Klabu hizo tatu zina historia ndefu na zote zimewahi kuwa miongoni mwa vigogo. Lakini bahati ilikuwa na mzaha wake: kila alipofika, klabu ilikuwa imekwisha kushuka. Sunderland na Stoke walikuwa wameteremka kutoka daraja la juu mnamo 1985, na West Brom mnamo 1986. Mlango aliokuwa akibisha ulikuwa umefungwa muda mfupi kabla ya yeye kuwasili.

Mwaka huo wa 1989 alichezea kikosi cha pili cha taifa la Uingereza mara mbili. Huko ndiko alikofika mbali zaidi kwa upande wa heshima za kimataifa. Mnamo 1991 West Brom walishushwa hadi daraja la tatu kwa mara ya kwanza katika historia yao, na mwishoni mwa mwaka Ford akarudi nyumbani Grimsby, ambao kwa wakati huo walikuwa daraja la pili.

Ni katika nusu hii ya pili ya taaluma yake ambapo ukiraka ulimwokoa. Winga huishi kwa kasi, na kasi ndiyo mali ya kwanza kuibwa na umri. Mawinga wengi wakifikisha miaka 32 au 33 huishia kutemwa. Ford alirudi nyuma kando ya mstari ule ule wa kulia akawa beki. Mabadiliko hayo huonekana rahisi kwa anayetazama kutoka jukwaani, lakini yana mantiki yake. Winga hupokea mpira akiwa amelipa lango la wapinzani mgongo, huku beki akimpumulia kisogoni. Beki wa pembeni huuona uwanja mzima mbele yake na anaweza kuchagua wakati wa kukimbia. Zaidi ya hayo, aliyekuwa winga kwa miaka 15 anazijua hila zote za winga, na anajua pia ni beki wa namna gani aliyekuwa akimkera. Anachopoteza miguuni hukifidia kwa kusimama mahali sahihi sekunde moja mapema.

Alijiunga na Scunthorpe United mnamo 1994. Katika kikosi cha msimu huo wa 1994-95 alikuwemo kijana aitwaye Graham Alexander, kiungo ambaye baadaye angegeuzwa beki wa kulia na hatimaye kurudishwa tena katikati ya uwanja. Hakuna aliyeweza kubashiri wakati ule kwamba klabu hiyo ndogo ya daraja la nne ilikuwa imewaweka pamoja wanaume wawili ambao kila mmoja angepitisha mechi 1,000 katika mashindano yote. Ford alitangulia, na Alexander akafuata mnamo 2011. Tofauti yao ni moja. Alexander alifunguliwa mlango wa Ligi Kuu akiwa na Burnley mnamo Agosti 2009, akiwa na umri wa miaka 37.

Umri huo huo, Ford alikuwa nje kabisa. Mnamo 1996 aliachana na Scunthorpe na kuelekea Barrow, klabu ambayo wakati huo haikuwa hata katika madaraja manne ya ligi. Kwa kawaida safari huishia hapo. Lakini kabla ya mwaka kwisha Mansfield Town walimchukua awe mchezaji na vilevile msaidizi wa kocha Steve Parkin. Alikuwa ameongeza kazi nyingine katika orodha yake, na ni wazi kuwa mkataba wenye kazi mbili ni mgumu kuukatiza kuliko wenye kazi moja.

Akiwa Mansfield, mnamo 1999, aliivunja rekodi ya mechi 824 za ligi iliyokuwa ikishikiliwa na Terry Paine, aliyekuwa winga wa Southampton na mmoja wa kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia mnamo 1966. Mwaka huo alimfuata Parkin hadi Rochdale. Mnamo 2000 alitunukiwa nishani ya MBE kwa mchango wake katika soka. Aliendelea kucheza, na alipostaafu Novemba 2001 alikuwa na miaka 42 na zaidi ya mabao 100 ya ligi. Hata kustaafu kwenyewe kulitokana na kazi: Parkin alikuwa ameteuliwa kuinoa Barnsley, na Ford akaenda naye kuwa msaidizi.

Jina la Barnsley halitakuwa geni kwa wapenzi wa soka wa humu nchini. Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya aliyelelewa katika jiji la Leeds, alijiunga na klabu hiyo mnamo 2019, na mwaka huo huo akaichezea Harambee Stars. Alitumiwa kama beki wa kushoto, kisha kiungo, kisha pembeni. Mnamo Julai 22, 2020, siku ya mwisho ya msimu wa daraja la pili, Barnsley walikuwa sare ya 1-1 na Brentford, katika mechi ya mwisho ya ligi kuchezwa kwenye uwanja wa Griffin Park. Dakika ya 91, Oduor akafunga. Ushindi huo wa 2-1 uliinusuru Barnsley kushushwa daraja kwa tofauti ya pointi moja, na kuinyima Brentford tiketi ya moja kwa moja ya kuingia Ligi Kuu.

Ingekuwa ni straika wa klabu kubwa, bao la aina hiyo lingemfungulia milango ya dhahabu. Kwa Oduor, lilimfungulia misimu mingine ya kubadilishwa nafasi. Alitolewa kwa mkopo hadi Hartlepool United mapema 2023, akahamia Bradford City katika kiangazi cha mwaka huo, na mnamo 2025 akatia saini mkataba na klabu ya daraja la nne. Bradford ni klabu ambayo Ford aliichezea kwa mkopo mnamo 1993. Ile ya daraja la nne ni Grimsby Town, ambayo Agosti 2025 iliing'oa Manchester United katika Kombe la Ligi kwa penalti 12-11 baada ya sare ya 2-2. Mechi hiyo ilichezwa pale pale Blundell Park, miaka 50 kasoro miezi miwili tangu kijana wa miaka 16 aingie uwanjani dhidi ya Walsall.