Njia Inayopitika

Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 huzitaka halmashauri kumsafirisha bure mwanafunzi akaaye mbali na shule imfaayo: zaidi ya maili 2 akiwa chini ya miaka 8, zaidi ya maili 3 akiwa ametimiza umri huo. Umbali hupimwa kwa njia iliyo karibu zaidi, lakini njia hiyo imepewa sifa moja inayomsumbua mfasiri. Na sifa hiyo ndiyo humpandisha mtoto basi au humwacha atembee. Tukiandika "njia fupi" tu, hata njia isiyofaa kabisa itahesabiwa. Tukiandika "njia salama", tumewaahidi wazazi haki wasiyopewa. Mwaka 1986, katika kesi ya Essex iliyohusu njia ya upweke isiyo na taa, Baraza la Malodi liliamua kwamba njia huhesabiwa iwapo mtoto, akisindikizwa inapobidi, aweza kuipita kwa usalama wa kadiri. Twapendekeza basi "njia inayopitika", na mfasiri aeleze papo hapo kwamba kumsindikiza mtoto kwa kawaida ni juu ya mzazi, si halmashauri.