Nahodha aliyeaga siku ya pili

Septemba 1994, tamthilia mpya ya Star Trek: Voyager ilikuwa imepata nahodha wake. Haikuwahi kutokea mwanamke abebe tamthilia nzima katika mfululizo wa Star Trek, na waliyemchagua ni Geneviève Bujold, mzaliwa wa Montreal aliyekuwa na miaka 52. Akavaa sare, akarekodi. Siku ya pili akaaga. Ule mwendo wa mbio wa televisheni haukumfaa mtu aliyezoea filamu. Nafasi ikaenda kwa Kate Mulgrew, akaishikilia misimu saba.

Mashabiki walipigwa na butwaa. Lakini kuondoka kwa Bujold hakukuanza hapo.

Alisomea uigizaji Montreal, na mwaka 1965 alikuwa Paris na kundi la jukwaani la Rideau Vert, ndipo Alain Resnais alipomwingiza kwenye La guerre est finie pamoja na Yves Montand. Miaka michache baadaye alikuwa Anne Boleyn mbele ya Richard Burton katika Anne of the Thousand Days (1969). Malkia wa Kiingereza mwenye lafudhi ya Kifaransa! Hata hivyo alinyakua Golden Globe na kuteuliwa kuwania Oscar.

Studio ya Universal, iliyokuwa na mkataba naye, ikataka arudi kama Mary, malkia wa Waskoti. Akakataa: mtayarishaji yuleyule, mwongozaji yuleyule, yeye yuleyule ndani ya magauni mazito. Universal wakamshtaki. Yeye akaenda zake kuigiza The Trojan Women (1971) kama Kassandra, nabii asiyeaminiwa na mtu. Aliyekuja kuvaa taji la Mary ni Vanessa Redgrave, ambaye yumo pia katika hiyo The Trojan Women.

Baadaye alirudi Universal kwa Earthquake (1974), filamu ambayo, tuseme kweli, jengo linaloporomoka ndilo nyota wake. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa nyumbani Quebec, akiigiza Kamouraska ya Claude Jutra kwa lugha yake ya mama.

Kwangu mimi, kilele chake ni Dead Ringers (1988) ya David Cronenberg. Madaktari wawili mapacha, wote wakiigizwa na Jeremy Irons, wanampokezana mwanamke mmoja bila yeye kujua. Mwanamke huyo ni mwigizaji wa filamu. Anapong'amua, anadai awaone wote wawili kwa pamoja. Bujold anawatazama, huyu kisha yule, na katika uso ule mdogo aibu inageuka hasira kabla hajatamka neno.