Injini kuukuu za malori: wanunuzi Kasulu, Kibondo wahimizwa kupima kabla ya kulipa

Maharage yakishavunwa Kasulu na Kibondo, kinachomkosesha mfanyabiashara usingizi mara nyingi si bei ya gunia bali usafiri. Ndiyo maana wengi waliovuna faida ya misimu miwili mitatu huanza kuwaza kumiliki lori lao. Lori jipya haligusiki kwa mtaji wao, hivyo fedha huishia kwenye Scania 111 au 112, ama Fuso la zamani lenye injini ya 6D14 au 6D16.

Uamuzi huo si mbaya hata kidogo. Injini hizi hazina kompyuta, na fundi mzoefu anaweza kuzifungua chini ya mwembe. Kosa ni kwamba mnunuzi hukagua matairi, bodi na rangi kwa saa nzima, kisha injini anaisikiliza dakika tano tu, tena ikiwa muuzaji ameshaipasha moto.

Scania zilienea nchini kwa sababu ziliunganishwa hapa hapa, katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Mafundi waliozielewa wakawa wengi na spea zikapatikana. Lakini msomaji akumbuke kuwa utengenezaji wa Scania 111 ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Injini yoyote ya aina hiyo imepita miaka 40. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama imewahi kufunguliwa. Muulize imefunguliwa mara ngapi, na ilifungwa spea za wapi.

Ugonjwa mkubwa wa injini hizi ni maji. Injini ya 111, yenye ujazo wa lita 11, ina slivu zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Pistoni inapopiga, slivu hutetemeka na kufanya vipovu vidogo upande wa maji. Vipovu hivyo vikipasuka mamilioni ya mara hula chuma, mpaka slivu inatoboka. Dawa ya kuzuia kutu inayochanganywa na maji ya rejeta hupunguza sana balaa hilo, lakini tandiboi aliyechota ndoo mtoni hana dawa hiyo. Slivu ikitoboka maji huingia kwenye oili, nayo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiendelea kuendesha, beringi za krenki zinakwenda.

Ukiligundua mapema, hilo si gharama ya kufilisi mtu. Slivu huchomolewa na kuwekwa nyingine bila kuchonga bloku. Krenki ikishaungua, hapo ndipo watu huuza viwanja.

Jambo lingine wengi hawalifikirii ni mwinuko. Kasulu iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji ya wazi huko huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema kwenye injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilicholegea, kitu cha bei ndogo kabisa, kinatosha kuunguza gasketi ya silinda hedi mlimani. Injini isiyo na turbo nayo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa mwinuko huo, kwa hiyo dereva anayejaza lumbesa kama yuko Dar es Salaam anaiua kwa mkono wake.

Vumbi linafuata. Mradi wa lami wa Manyovu–Kasulu–Kibondo–Kabingo, kilomita 260 zinazogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni neema kwa wenye malori, lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Unaanzia shambani, kwenye udongo mwekundu, na kiangazi vumbi lake ni laini kama unga. Chujio la hewa likipasuka au bomba lake likilegea, vumbi husaga ringi na slivu. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: moshi ukitoka kwa msukumo, ringi zimekwisha, hata kama lori limepakwa rangi juzi.

Dizeli siku hizi ina nafuu. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulipungua baada ya EWURA kuanza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 na Serikali kupandisha ushuru wa mafuta ya taa katika bajeti ya 2011/12. Hata hivyo dizeli ya madumu njiani bado huwa na maji, na pampu ya nozeli haivumilii maji.

Sasa hesabu, kwa namba za mfano tu. Lori linabeba magunia 100, na kila gunia linakuachia Sh 10,000 baada ya gharama. Safari moja ni Sh milioni 1. Kwa safari mbili kwa wiki, injini ikilala kwa fundi wiki tatu katikati ya msimu umepoteza Sh milioni 6 kabla hujanunua hata boliti. Anayetumia akiba yote kununua lori, bila kubakiza fungu la injini, kwa maoni yetu bado hajawa tayari kununua.

Mnunuzi afike alfajiri, aguse injini aone kama ni baridi, ndipo iwashwe mbele yake. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweusi mzito ni nozeli, pampu au chujio la hewa. Kwa Scania, fundi afungue kile kichujio cha oili kinachozunguka: tope ni kawaida, chembe za chuma zinazong'aa ni beringi. Kisha lori lipakiwe, lipande mlima, na rejeta ikaguliwe likirudi.

Mwisho soma namba ya injini kwenye bloku uilinganishe na kadi ya gari. Malori mengi ya umri huu yamebadilishwa injini, na namba zisipolingana, muuzaji ashughulikie TRA kwanza, kabla hujamkabidhi hata shilingi ya kishika uchumba.