Kutunza Ngozi Wakati wa Matibabu ya Kansa

Ngozi ni ukuta wa nyumba ya mwili. Ukuta wa udongo ukipasuka, panya huingia, mvua huingia, na chakula kilichowekwa ndani huharibika. Vivyo hivyo ngozi ikipasuka, vijidudu vya ugonjwa hupata njia ya kuingia katika damu. Mtu mwenye afya ana askari wengi ndani ya damu yake, nao huwaua vijidudu hao upesi. Lakini mtu anayetibiwa kansa, mara nyingi askari wake wamepungua. Kwa sababu hiyo yampasa kuutunza ukuta wake kuliko watu wengine.

Mafundisho haya ni kwa ninyi mnaotibiwa, na kwa jamaa wanaowatunza. Yasomeni pamoja nyumbani. Asiyejua kusoma, asomewe.

KWA NINI MATIBABU YANAGUSA NGOZI?

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kansa ni chembe zilizoacha kutii: zinaongezeka bila kiasi na kuingia mahali pasipo pao. Dawa ya kansa hupiga hasa chembe zinazoongezeka upesi. Lakini ziko chembe njema nazo zinazoongezeka upesi, yaani za ngozi, za nywele, za kucha, za kinywa na za damu. Ngozi ya juu hujifanya upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Basi adui akipigwa, majirani nao huumia. Ila chembe njema zina nguvu ya kujitengeneza tena. Ndiyo maana ngozi hupona na nywele huota.

MATIBABU YA MIONZI

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopenya mwili, ile inayotumiwa hata leo kupiga picha ya mifupa. Waliofanya kazi na miali hiyo siku za kwanza waliona ngozi ya mikono yao inaungua. Baadaye madaktari walijifunza kuipima na kuielekeza mahali penye kansa.

Mashine za namna hii haziko katika kila hospitali. Wako wagonjwa wa Ituri wanaovuka mpaka kwenda Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda huko Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya huko iliharibika kabisa, na wagonjwa wengi walipata taabu, mpaka mashine mpya ilipoanza kazi mwaka 2018. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kutibiwa kwa mionzi, usiiache katikati kwa kuogopa ngozi.

Fahamu jinsi mambo yanavyokwenda. Siku za kwanza huoni kitu wala husikii maumivu. Baada ya wiki 2 au 3 ngozi ya mahali palipopigwa huanza kukauka na kuwasha. Vitabu vingi husema inakuwa nyekundu, lakini katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Ngozi inazidi weusi, inakuwa ya moto na kuvutika. Mahali pa kukunjika, kama kwapani, chini ya ziwa au kwenye kinena, yaweza kubambuka na kutoa majimaji.

Sasa sikia neno lililo kubwa. Matibabu yakiisha, ngozi haianzi kupona siku ile ile. Huzidi kuuma kwa wiki 1 au 2 baada ya siku ya mwisho, kisha hupoa, na wengi hupona baada ya wiki 4 hivi. Weusi waweza kukaa miezi mingi. Basi mgonjwa aondokaye Kampala na ngozi yenye afuadhali, akapita Mahagi au akavuka ziwa Albert, aweza kufika Bunia ngozi imeharibika kuliko alipotoka. Jamaa wakimwona wanasema, “Wamemchoma,” au, “Kuna mtu amemtupia kitu njiani.” Sivyo. Ni kazi ya mionzi inayomalizika. Mwambieni jambo hili kila mtu wa nyumbani kabla ya safari, asije akashauri vibaya.

SHERIA ZA KILA SIKU

1. Oga kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, isiyo na manukato mengi. Tumia mkono wako. Usitumie sugulio wala jiwe.
2. Usijifute kwa nguvu. Gusisha kitambaa safi kilicho laini mpaka maji yakauke, hasa mahali pa kukunjika.
3. Usiondoe alama za wino ulizowekewa. Zinaonyesha mahali pa kuelekeza mashine.
4. Vaa nguo pana ya pamba. Kikwembe laini kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri chafaa kuliko nguo ya kubana.
5. Usiweke chupa ya maji ya moto, wala barafu, wala plasta inayonata. Usinyoe mahali pale kwa wembe.
6. Usibebe mzigo kwa kamba, wala usimfunge mtoto mgongoni, ikiwa kamba au kitambaa kinapita juu ya mahali palipotibiwa.
7. Jikinge na jua. Ndani ya mtumbwi wa ziwani na juu ya pikipiki jua ni kali; jifunike kwa kitenge, uvae na kofia.
8. Mafuta ya kujipakaa, tumia yale tu aliyokubali mwuguzi wako. Mawese, dawa ya meno, majivu na majani yaliyopondwa visiwekwe juu ya ngozi iliyoungua.

Wako wengine wanaoona haya kwa weusi ule, wakanunua sokoni mafuta ya kung'arisha ngozi. Msifanye hivyo! Mengi yana dawa kali, na mengine yana zebaki iliyo sumu. Vilevile msikubali kuchanjwa kwa wembe ili kutiwa dawa nyeusi. Kila chale ni mlango uliofunguliwa katika ukuta.

Na mzee wa kanisa akija kumwombea mgonjwa na kumpaka mafuta, ampake kwenye paji la uso, asimpake mahali palipopigwa mionzi. Ikiwa mionzi ilipigwa kichwani, ampake mkononi. Maombi hayapungui nguvu kwa sababu hiyo.

DAWA YA MSHIPA NA YA VIDONGE

Dawa hizi hupita mwili mzima. Ngozi yaweza kukauka, kucha kuwa nyeusi au kukatika, na nywele kunyonyoka. Dawa nyingine hufanya viganja na nyayo kuuma na kubambuka. Mwambie daktari mapema, naye aweza kupunguza dawa au kuisimamisha kidogo. Vaa viatu vilivyofunika miguu, usije ukaingiwa na funza au kuchomwa na mwiba. Vaa glavu ukilima au ukisafisha samaki.

Tena, ukiwa kitandani na dawa inaingia mshipani, ukisikia moto, maumivu au uvimbe pale penye sindano, usinyamaze kwa adabu. Ita mwuguzi pale pale. Ziko dawa ambazo zikitoka nje ya mshipa huua nyama na kuacha kidonda kikubwa. Kusema mapema si ukosefu wa heshima.

HOMA

Hapa kwetu mtu akipata homa, wengi husema ni malaria, wakanunua vidonge dukani, wakangoja siku tatu. Anayetibiwa kansa asingoje hata usiku mmoja. Joto likifika 38, au akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali saa ile ile, aseme, “Ninatumia dawa ya kansa.” Malaria itapimwa, lakini vijidudu katika damu huua kwa muda wa saa chache. Nenda upesi pia ukiona usaha, harufu mbaya, malengelenge, au wekundu na uvimbe unaoenea.

KWA JAMAA

Kansa haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala chumba kimoja. Mionzi ya mashine ya nje haibaki ndani ya mwili. Mama aweza kumkumbatia mtoto wake siku ile ile. Ila aliyepewa dawa ya mshipa, kwa siku 2 mvaeni glavu mnapogusa mkojo au matapishi yake, kisha mnawe mikono. Na mama anayenyonyesha amwulize daktari kwanza.

Mume asimkimbie mkewe kwa ajili ya ngozi iliyobadilika. Mchotee maji, mfulie kikwembe chake, mtazame mgongo mahali asipoweza kujiona mwenyewe. Ukiona ufa katika ukuta, usiufiche. Umwonyeshe mwuguzi siku hiyo hiyo.